Uzazi wa Mpango Katika Jamii Zilizotoka Vitani

Vita huvuruga uzazi kwa namna mbili zinazovutana. Waliofiwa na watoto hutaka kuzaa tena, na ukoo uliopungua humpokea kila mtoto mchanga kama fidia ya aliyekwenda. Papo hapo, ujane, njaa, kuhamahama na hofu kwamba bunduki zitarudi huwafanya wengi watake kupumzika, angalau mpaka nyumba iezekwe na shamba litoe mavuno. Mara nyingi anayevutwa huku na huku ni mtu yuleyule: mama anayetaka mtoto, lakini si mwaka huu. Huduma ya uzazi wa mpango inayofika kijijini baada ya vita hupokelewa au hukataliwa kwa kutegemea kama imelielewa hilo. Katika ukanda wa Maziwa Makuu, jambo hili linaonekana vizuri Rwanda na Uganda ya Kaskazini.

Rwanda haikuanzia sifuri. Ofisi ya Taifa ya Idadi ya Watu, ONAPO, iliundwa mwaka 1981, na kufikia 1992 takriban asilimia 13 ya wanawake walio katika ndoa walikuwa wakitumia njia za kisasa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza Aprili 1994 na kudumu siku zipatazo 100, yaliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja. Wauguzi wengi waliuawa au kukimbia, vituo vya afya viliporwa, na umati mkubwa ulivuka mipaka kuingia Ngara, Goma na Bukavu. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2000 ulikuta watumiaji wa njia za kisasa wamebaki asilimia 4 tu ya wanawake walio katika ndoa.

Kubomoka kwa zahanati kunaeleza sehemu tu ya anguko hilo. Kumwambia mtu aliyetoka kuzika watoto wake kwamba azae kwa mpango kulisikika kama tusi, na viongozi wenyewe walilikwepa somo hilo kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, picha ya taifa zima linalozaa ili kujaza pengo si sahihi kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Demography ulilinganisha historia za uzazi za wanawake wa Rwanda kwa kuangalia kila mmoja alifiwa na nani. Waliopoteza mtoto katika mauaji yale walizaa mapema zaidi katika miaka mitano iliyofuata, na kwa jumla walizaa zaidi. Waliopoteza kaka au dada walizaa kidogo, na tofauti hiyo ilidumu kwa miaka mingi. Si vigumu kuelewa: mtoto aliyekufa huacha nafasi ambayo mzazi hutaka ijazwe, lakini ndugu aliyekufa huondoka na mikono ya kulea, ya kulima na ya kukopesha. Kwa hiyo msiba mmoja wa taifa ulizaa mahitaji tofauti nyumba kwa nyumba, na ujumbe mmoja wa redio usingeweza kuyajibu yote.

Mabadiliko yalianza kuonekana baada ya 2005. Mwaka huo matumizi yalikuwa yamepanda hadi asilimia 10, na wastani wa uzazi ulikuwa watoto 6.1 kwa mwanamke. Serikali iliutangaza uzazi wa mpango kuwa kipaumbele, ikausambaza bila malipo katika vituo vya umma, na kuanzia 2006 mameya wa wilaya waliusaini katika mikataba ya utendaji iitwayo imihigo, kila mmoja akiahidi mbele ya Rais kufikia viwango fulani. Wahudumu wa afya wa jamii, waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, walipita nyumba kwa nyumba. Mwaka 2010 matumizi yalifikia asilimia 45, na wastani wa uzazi ukashuka hadi 4.6. Ni nadra kuona kasi ya namna hiyo popote duniani.

Lakini kuna takwimu nyingine ya kusomwa sambamba na hizo. Mwaka 2000, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Rwanda, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 idadi hiyo ilikuwa 76. Mzazi anayemzika mtoto mmoja kati ya kila watano huzaa kwa akiba, na hakuna mahubiri yatakayomtoa huko. Chanjo, vyandarua, bima ya afya ya jamii na dawa ya malaria iliyomkuta mtoto kijijini vilifanya kazi ya kubadili mitazamo ambayo mabango ya uzazi wa mpango hayakuweza kuifanya peke yake. Wanaoandika historia ya mafanikio ya Rwanda huwa wepesi wa kuitaja mikataba ya mameya na wazito wa kulitaja hili.

Kikwazo kingine kilikuwa Kanisa Katoliki, linaloendesha sehemu kubwa ya vituo vya afya nchini na ambalo halikubali njia za kisasa. Badala ya kugombana nalo, Wizara ya Afya ilijenga vituo vidogo jirani. Katika kituo cha Kanisa mama hupimwa mimba, mtoto huchanjwa, na muuguzi hufundisha njia za asili, zikiwamo shanga za rangi zinazohesabu siku za mzunguko. Mama akiuliza kuhusu sindano au vijiti vya kuzuia mimba, huelekezwa kwenye jengo la pili, mara nyingi la chumba kimoja au viwili, penye muuguzi wa serikali. Askofu hakulazimika kubariki na waziri hakulazimika kupiga marufuku. Mpango huo una kasoro yake: kila anayeingia jengo lile hujulikana amefuata nini.

Mikataba ya viwango nayo ina hatari. Meya anayehesabiwa watumiaji wapya anaweza kumsukuma mkuu wa kituo, naye akamsukuma muuguzi, na mwisho wa mnyororo yuko mwanamke asiyejua kama anashauriwa au anaamriwa. Mwaka 2007 lilipojadiliwa wazo la kuzihimiza familia ziishie watoto watatu, mjadala ulikuwa mkali, na wazo hilo halikuwa sheria. Katika nchi ambayo vitambulisho vya kabila vilitumika kuchagua wa kuuawa, neno lolote la serikali kuhusu nani azae wangapi hupimwa mara mbili.

Uganda ya Kaskazini ililifikia swali hilo la uzazi baada ya vita kwa njia nyingine. Vita kati ya serikali na waasi wa Lord's Resistance Army vilidumu miaka ipatayo 20, hadi makubaliano ya kusitisha mapigano ya Agosti 2006, na kufikia 2005 watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Kambini nyumba zilibanana, shamba hakuna, na chakula kilitoka kwenye malori. Waacholi waliporudi kwao Gulu, Kitgum na Pader, walikuta mipaka ya ardhi imefutika na wazee walioijua wamekufa. Ukoo wenye watoto wengi, hasa wa kiume, ulikuwa na sauti zaidi pale ardhi ilipogombewa. Mahari nayo ilifungamana na uzazi: watoto ni wa ukoo wa mume, na mke aliyetolewa ng'ombe alitarajiwa kuzaa. Mwanamke aliyerudi kutoka msituni na watoto aliozaa akiwa ametekwa alikuwa na shida ya peke yake, kwa sababu watoto hao mara nyingi hawakuwa na ukoo wa kuwapokea.

Kwa mtazamo wa nje, hayo yote yangetosha kuhitimisha kwamba Waacholi hawataki uzazi wa mpango. Uchunguzi uliofanywa kati ya 2007 na 2010 ulionyesha vingine. Timu za kutembea na vituo vya serikali vilivyoimarishwa vilipoanza kutoa njia za muda mrefu, matumizi ya njia za kisasa yalipanda kutoka asilimia 7.1 hadi 22.6, na yale ya njia za muda mrefu na za kudumu kutoka 1.2 hadi 9.8. Mila za mahari hazikubadilika katika miaka mitatu. Kilichobadilika ni kwamba muuguzi aliyefunzwa, pamoja na vifaa vyake, alikuwepo siku aliyosema atakuwepo. Mengi yanayoandikwa katika ripoti kuwa ni ukaidi wa jamii ni rafu tupu za dawa.

Hofu zilikuwepo, na zinastahili kusikilizwa kwa makini kuliko zinavyosikilizwa kwa kawaida. Inayorudiwa zaidi ni kwamba sindano huharibu kizazi, na maelezo yake yanapatikana katika dawa yenyewe. Sindano ya kawaida ina miligramu 150 za medroksiprojesteroni, homoni iliyo katika chembe ndogo sana zinazokaa kwenye msuli na kuyeyuka polepole. Hulinda kwa miezi mitatu, lakini masalia yake hayaishi siku ya tisini. Kwa wastani, mwanamke aliyeacha sindano huchukua miezi kadhaa zaidi kushika mimba kuliko aliyeacha vidonge, na wengine hupita mwaka. Uzazi hurudi, ila hurudi kwa kuchelewa. Mjini pengine hakuna atakayehesabu miezi hiyo. Katika kijiji kilichofiwa, ambako mama mkwe anahesabu, miezi kumi bila mimba ni ushahidi tosha kwamba dawa ya wageni imemtia mke utasa. Kukosa hedhi, jambo la kawaida kwa watumiaji wa sindano, huongeza kuni kwenye moto huo, kwani wengi huamini damu isiyotoka inajikusanya tumboni.

Muuguzi anayejibu kwamba huo ni uvumi mtupu hupoteza mteja. Anayeeleza kuchelewa huko kabla ya kuchoma sindano, na kumshauri anayetaka mtoto karibuni achague vijiti, kitanzi au vidonge, ambavyo uzazi hurudi mapema baada ya kuviacha, humpa mwanamke jibu la kumpelekea mama mkwe. Vijiti, yaani vipandikizi vyembamba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu baada ya ganzi, hudumu miaka mitatu au mitano kwa kutegemea aina. Bei yake kwa nchi maskini ilishushwa mwaka 2013 hadi takriban dola 8.50, na Rwanda ilipofika 2019 na 2020 vilikuwa vimeipita sindano na kuwa njia inayotumika zaidi. Vina udhaifu mmoja usioandikwa kwenye vipeperushi: mume akipitisha vidole kwenye mkono huo huvigusa. Wanawake wanaoficha huchagua sindano kwa sababu haiachi alama, hata wakijua kasoro zake.

Wanaume ni nusu ya habari hii, na kwa muda mrefu waliachwa nje ya mlango wa kliniki, kisha wakalaumiwa kwa kutokujua. Mwanamume aliyepoteza ng'ombe, bunduki au cheo vitani hubakiwa na watoto kama kipimo cha heshima. Ujumbe uliomgusa zaidi Rwanda ulihusu ardhi. Mgawanyo wa shamba dogo kwa wana sita ni hesabu ambayo kila baba wa kule anaweza kuifanya kichwani, na serikali iliitumia bila haya.

Misaada ya dharura nayo ilichelewa kujifunza. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja, na wafanyakazi wa misaada walikuwa wamejiandaa kwa kipindupindu, maji na chakula. Wazo kwamba mkimbizi anahitaji kondomu au vidonge lilionekana la anasa. Mkutano wa Cairo wa Septemba mwaka huohuo ulitambua afya ya uzazi ya wakimbizi kuwa haki, na mwaka uliofuata mashirika yaliunda kikundi kilichotayarisha orodha ya huduma za lazima tangu siku za mwanzo za dharura. Ilichukua hadi 2018 kwa kuzuia mimba zisizotarajiwa kuwa lengo linalojitegemea katika orodha hiyo.

Sudan Kusini na Kongo ya Mashariki bado ziko katika hatua ya kwanza ya kuipokea huduma hii. Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011, wapo wanaouona uzazi wa mpango kuwa njia ya kulipunguza taifa ambalo vita vilikwisha kulipunguza. Kongo, utafiti wa taifa wa 2013 na 2014 ulikuta asilimia 8 tu ya wanawake walio katika ndoa wakitumia njia za kisasa. Kivu, huko mashariki, kuna jambo la ziada: waliobakwa wanahitaji dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na anayeogopa kuonekana akiingia kituoni hawezi kuzipata saa hizo. Huko, faragha ya mlango wa kliniki ni sehemu ya tiba.

Rwanda yenyewe baadaye ilipunguza mwendo. Kati ya 2015 na 2020 wastani wa uzazi ulitoka 4.2 hadi 4.1 tu, ingawa watumiaji walifika asilimia 58. Mvutano wa sasa unahusu vijana ambao hawajaoa wala kuolewa. Mwaka 2022 Bunge lilikataa pendekezo la kuwaruhusu wenye miaka 15 kupata huduma hizo bila idhini ya mzazi, na mwaka 2025 likalikubali katika sheria mpya ya huduma za afya, baada ya mabishano marefu juu ya maadili, mimba za utotoni na mamlaka ya wazazi.