Sonona na wahaka: Kwa nini nambari ya ugonjwa yafaa kuandikwa kwa makini

MARADHI mawili ya akili yanapomvamia mtu kwa pamoja, si tiba pekee inayowatatiza wahudumu wa afya. Hata kuyaandika kwenye faili ni kazi inayohitaji uangalifu, kwani herufi moja na tarakimu chache huamua mengi kuhusu hatima ya mgonjwa.

Sonona ni huzuni nzito inayodumu na kumnyima mtu hamu ya kazi, chakula na hata maisha. Wahaka nao ni wasiwasi uliopindukia, unaoufanya moyo uende mbio, mikono itetemeke na usingizi upotee. Mara nyingi maradhi haya huandamana.

Kila ugonjwa una nambari yake katika orodha ya kimataifa inayojulikana kama ICD, ambayo husimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Chimbuko lake ni orodha ya visababishi vya vifo iliyoandaliwa na Mfaransa Jacques Bertillon mnamo 1893. WHO iliichukua mwaka wa 1948, na toleo la sita la mwaka huo ndilo lililokuwa la kwanza kuwa na sehemu ya maradhi ya akili.

Katika toleo la kumi, ICD-10, maradhi ya akili yamepewa herufi F. Sonona inayotokea kwa mara ya kwanza huandikwa F32, na inayorejea huandikwa F33. Wahaka wa kila mara ni F41.1. Kisha ipo F41.2, yaani mchanganyiko wa wahaka na sonona.

Hapa ndipo makosa hutokea. Wengi hudhani kwamba F41.2 ni kapu la kumtia kila mgonjwa mwenye dalili za pande zote mbili. Sivyo. Kwa mujibu wa mwongozo wa WHO, nambari hiyo ni ya mtu ambaye dalili zake za sonona na za wahaka ni hafifu, hakuna upande uliouzidi mwingine, na hakuna upande ambao ungetosha kuitwa ugonjwa ukitazamwa peke yake.

Iwapo sonona imekomaa na wahaka pia umekomaa, mwongozo unaagiza yote mawili yaandikwe, kila moja kwa nambari yake. Ikiwa fomu ina nafasi ya ugonjwa mmoja tu, sonona ndiyo hupewa kipaumbele. Aidha, dalili zilizozuka kwa sababu ya tukio zito maishani, kama vile kuachishwa kazi au kuvunjika kwa ndoa, huenda zikawa na nambari tofauti kabisa, F43.2.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Mgonjwa mwenye sonona kali akiandikiwa F41.2, mhudumu atakayelipokea faili baadaye ataamini kwamba hali ni nyepesi, na huenda asimuulize kama amewahi kuwazia kujiua. Vile vile, anayefika akilalamikia moyo kwenda mbio anaweza kuandikiwa wahaka pekee na kupewa dawa za kumtuliza. Dawa hizo humpa usingizi lakini haziiponyi sonona. Kinyume chake, baadhi ya dawa za sonona hutibu maradhi yote mawili, ingawa huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana. Ushauri nasaha wa kitaalamu pia husaidia pande zote.

Lugha nayo huchangia utata. Wakenya wengi husema wana "msongo wa mawazo", maneno yanayoweza kumaanisha uchovu wa kazi, wasiwasi au sonona yenyewe. Mhudumu akiyanakili yalivyo, karani wa rekodi hawezi kuyapa nambari ya sonona wala ya wahaka, kwa kuwa haruhusiwi kukisia ugonjwa kwa kutazama dawa zilizotolewa. Hali huwa hiyo hiyo daktari anapoandika "sonona/wahaka". Mkwaju huo hausemi iwapo maradhi ni mawili, ni mchanganyiko, au daktari bado hajaamua.

Maelezo bora hutaja dalili zimedumu kwa muda gani, ukali wake, na jinsi zilivyoathiri kazi na familia ya mgonjwa. Hutaja alama za vipimo vya maswali, mathalani PHQ-9 ya sonona, yenye alama 27, na GAD-7 ya wahaka, yenye alama 21. Pia huonyesha kwamba maradhi mengine yanayofanana na haya, kama ya tezi ya shingo, yamechunguzwa, na kwamba mgonjwa ameulizwa kuhusu mawazo ya kujiua.

Swali hilo la mwisho lilikuwa gumu nchini Kenya kwa miaka mingi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kuhusu mchanganyiko huu. Madaktari wa akili wa Marekani waliukataa katika mwongozo wao wa 2013, baada ya majaribio kuonyesha kwamba madaktari wawili waliompima mgonjwa mmoja hawakuafikiana. Orodha ya nambari inayotumika huko haina F41.2, na hali hiyo huwekwa chini ya F41.8. Kwa hivyo, faili la Mkenya aliyetibiwa Marekani laweza kuwa na nambari tofauti ilhali ugonjwa ni ule ule.

WHO kwa upande wake iliuhifadhi katika ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Hata hivyo, iliuhamishia kundi la sonona kwa nambari 6A73, na kutaka dalili ziwe zimedumu kwa angalau wiki mbili.

Wapo wagonjwa wanaoomba ugonjwa wao usiandikwe wakihofia mwajiri au bima. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayahesabu maelezo ya afya kuwa nyeti, na humpa mhusika haki ya kuyaona na kutaka yarekebishwe yakiwa na makosa.

Hivyo basi, mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari ameandika ugonjwa gani, ni mmoja au ni miwili, na ni mkali kiasi gani. Majibu hayo yafaa kuwa kwenye faili kabla hajahamia hospitali nyingine.