Ndovu wa Raphia wafika Kiirua

Jioni moja nikiwa Kiirua, eneo bunge la Buuri katika Kaunti ya Meru, nilimkuta mpwa wangu ameinamia kipakatalishi cha mitumba, mkono shavuni, mithili ya mtu aliyepokea barua ya madeni. Skrini ilionyesha uwanja wa mchanga uliogawanywa miraba, na juu yake vikosi vya mikuki, farasi na ndovu. Hakuna kilichosonga. Dakika tano zilipita, kisha kumi.

“Mjomba,” akasema hatimaye, “nikiwaachilia hawa ndovu sasa, wataniharibia jeshi langu mwenyewe.”

Babake, ambaye ni shemeji yangu na mkulima wa viazi, alikuwa mlangoni akivua buti za mvua. Yeye alikuwa amekwisha kutoa hukumu: mashine hiyo iuzwe na pesa zinunue mbegu, kwani haiwezekani kijana aliyemaliza Kidato cha Nne akae nusu saa akitazama picha zisizosonga. Alishuku pia kwamba ni kamari. Niliombwa niwe mwamuzi wa shauri hilo, na makala haya yametokana na yale niliyoyachunguza ili nisiamue kwa ujinga.

Tuanze na kamari, maana ndiyo iliyomtia shemeji hofu zaidi, na hofu yenyewe si ya bure katika nchi ambayo vijana wengi wamepoteza karo na mishahara kwa kubashiri mechi za kandanda. Mchezo aliokuwa akiucheza kijana hauna dau. Anayeshinda hapati hata ndururu na anayeshindwa hapotezi chochote ila wakati. Bahati imo, kwa kuwa tarakilishi hurusha dadu zake kimyakimya kila vikosi viwili vinapokabiliana, lakini kazi ya mchezaji ni kupanga mambo ili bahati mbaya isimwangushe.

Ama kuhusu picha zisizosonga, hiyo ndiyo asili ya michezo ya zamu. Anayecheza bao pale Lamu au drafti chini ya mti sokoni hasogezi kete wakati mwenziwe anafikiri. Vivyo hivyo hapa: mchezaji husogeza vikosi vyake vyote apendavyo, hufunga zamu, kisha adui hujibu. Kuna michezo mingine ya tarakilishi ambamo kila kitu hukimbia kwa wakati mmoja na mwenye vidole vyepesi ndiye hushinda. Katika ile ya zamu, mzee wa miaka themanini anaweza kumfedhehesha barobaro.

Ukoo wa michezo hii ni mrefu. Mwaka wa 1824 afisa wa jeshi la Prussia aliyeitwa Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa kwa vipande vidogo juu ya ramani, pamoja na dadu na mwamuzi, na jeshi likautumia kuwafunza maafisa wake. Mwandishi H.G. Wells, anayejulikana zaidi kwa riwaya zake, alitoa mwaka wa 1913 kitabu cha kanuni za kupigana kwa wanasesere wa askari sebuleni. Baadaye Waingereza kadhaa wakajikita katika vita vya kale. Mmoja wao, Richard Bodley Scott, alishirikiana na Phil Barker na Sue Laflin-Barker kutunga kanuni ziitwazo DBA, zilizotoka mwaka wa 1990, ambazo huhitaji vikosi 12 tu kila upande. Scott huyohuyo ndiye aliyebuni Field of Glory II, mchezo wa tarakilishi uliotolewa mwaka wa 2017 na ambao ndio uliokuwa ukimsumbua mpwa wangu.

Undani wake unastahili kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo nilipobadili mawazo yangu. Nilidhani kwamba vikosi huuana hadi kimoja kimalizike. La hasha. Kinachopimwa zaidi ya vifo ni mpangilio. Kikosi huanza kikiwa imara, kikitikiswa huvurugika, kikitikiswa tena hugawanyika vipande, na baada ya hapo hutimua mbio. Kikishambuliwa ubavuni au mgongoni huporomoka daraja moja papo hapo, hata kama hakijapoteza watu wengi. Tena kikosi kimoja kinapokimbia, vilivyo jirani nacho hulazimika kujaribiwa kama vitastahimili kuona wenzao wakitoroka. Hofu huambukiza. Jeshi ambalo asilimia 60 ya nguvu zake imetawanyika huhesabiwa limeshindwa, na hata asilimia 40 yatosha ikiwa adui ameumia kidogo zaidi, yaani tofauti isiyopungua 25.

Jambo jingine ni kwamba mchezaji hana mamlaka kamili. Askari wake wa farasi wakimshinda adui, huenda wakamfukuza hadi nje ya uwanja bila kungoja amri, na zamu kadhaa zipite kabla hawajarudi. Anayeanza huliona hilo kuwa dosari ya programu. Ukweli ni kwamba kanuni hiyo imetoka katika vita halisi, na hakuna mfano bora kuliko Raphia.

Raphia ni mji wa Rafah wa leo, kusini mwa Gaza. Hapo, mnamo Juni mwaka wa 217 kabla ya Kristo, Ptolemaio wa Nne wa Misri alikutana na Antioko wa Tatu aliyetawala Shamu na nchi za mashariki yake. Mwanahistoria Polybius anatupa hesabu: Ptolemaio alikuwa na askari wa miguu 70,000, wa farasi 5,000 na ndovu 73, Antioko alikuwa na wa miguu 62,000, wa farasi 6,000 na ndovu 102. Ndovu wa Antioko walitoka India. Wale wa Ptolemaio walitoka upande wetu wa dunia.

Wafalme wa Misri wa ukoo huo walianza kuwinda ndovu katika pwani ya Bahari ya Shamu tangu enzi ya Ptolemaio wa Pili. Walijenga kituo kilichoitwa Ptolemais ya Uwindaji katika pwani ya Sudan ya sasa, wakawasafirisha wanyama hao kwa majahazi maalumu. Maandishi ya jiwe lililokuwako Adulis, katika Eritrea ya leo, yalimsifu Ptolemaio wa Tatu kwa ndovu waliokamatwa nchi hizo na kufunzwa vita.

Polybius anasema kwamba ndovu wengi wa Afrika walikataa kupigana. Hawakuweza kuvumilia harufu na mlio wa ndovu wa India, wakatishwa na ukubwa wao, wakageuka na kuwakanyaga askari wa Ptolemaio mwenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu walieleza kwamba hao walikuwa ndovu wadogo wa msituni. Lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu ndovu wachache waliosalia Eritrea ulionyesha kuwa ni wa nyika, jamii moja na hawa wanaoteremka kutoka Mlima Kenya. Ndovu wa nyika kwa kawaida humzidi wa India kwa kimo. Kwa hivyo maelezo ya ukubwa yametiwa shaka, na mtungaji wa mchezo anayelazimika kuandika namba moja ya nguvu kwa ndovu wa Afrika na nyingine kwa wa India hana pa kuegemea palipo imara. Huenda walikuwa wachanga, huenda walifunzwa vibaya, huenda uchache wao ndio uliowaponza.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu, shemeji aliacha kujifanya hasikii. Watu wa Buuri wanawajua ndovu. Zamani walipita kati ya msitu wa mlima na nyanda za chini wapendavyo, na mashamba yalipoongezeka yakawa njiani. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2010 kuna ushoroba wenye ua unaounganisha Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa, na ndovu hupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru katika handaki walilojengewa. Kabla ya hapo, wakulima walikesha wakipiga madebe.

“Ndovu akishtuka,” shemeji akasema, “usidhani atakimbilia unakotaka wewe. Atapita palipo karibu naye. Kama ni kwako, atapita kwako.”

Sijasoma kanuni ya mchezo wowote iliyolieleza jambo hilo kwa ufupi kuliko huyo mkulima. Watafiti wamethibitisha vilevile kwamba mnyama huyu mkubwa hutishwa na sauti ndogo: mwaka wa 2007 Lucy King na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa ndovu huondoka wanaposikia mvumo wa nyuki, na mizinga ikaanza kutundikwa kando ya mashamba. Majeshi ya kale nayo yaliijua hatari hiyo. Livy anasimulia kwamba katika vita vya Metauro, mwaka wa 207 kabla ya Kristo, waendesha ndovu wa Karthago walibeba patasi na nyundo ili wamuue mnyama aliyewageukia. Na msomaji wa Pwani hahitaji kukumbushwa Mwaka wa Ndovu na jeshi la Abraha, mtawala wa Yemen mwenye asili ya Uhabeshi, lililokwenda Makka likarudi limeangamia.

Turudi Raphia. Ubavu wa kushoto wa Ptolemaio ulivunjika. Antioko, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaufukuza kwa farasi akiamini kwamba vita vimekwisha. Huku nyuma Ptolemaio akajitokeza mbele ya safu zake za mikuki mirefu, zikapata moyo na kusonga. Polybius anaeleza kuwa mtu mmoja mwenye umri mkubwa ndiye aliyemwonyesha Antioko vumbi lililokuwa likielekea kambi yake mwenyewe. Aligeuka akiwa amechelewa. Alipoteza karibu askari wa miguu 10,000 waliouawa na zaidi ya 4,000 waliotekwa, ilhali ndovu wake waliokufa walikuwa watano tu. Ptolemaio alipoteza 1,500 wa miguu, 700 wa farasi na, kwa mujibu wa Polybius, karibu ndovu wake wote. Aliyeshindwa vita vya ndovu ndiye aliyeshinda vita.

Hapo mchezo hufungwa na alama huonyeshwa. Hilo ndilo lalamiko langu. Katika jeshi la Ptolemaio walikuwamo Wamisri 20,000 waliopewa silaha na kufunzwa kupigana kama Wayunani. Polybius anasema ushindi huo uliwapa kiburi cha kutotii tena. Baadaye Misri ya kusini iliasi, ikawa na mafarao wake yenyewe kwa takriban miaka ishirini, hadi mwaka wa 186 kabla ya Kristo. Swali la nani alipewa mkuki, na angeutumia wapi baadaye, halimo katika miraba ile.

Kwa mzazi anayejiuliza juu ya gharama, michezo ya zamu haihitaji mashine za bei ghali kama zile zinazotakiwa na michezo ya kasi. Freeciv, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark na kutolewa mwaka wa 1996, hupatikana bila malipo, na Unciv huchezwa bure kwenye simu. Hiyo miwili ni ya kujenga milki nzima, si ya pambano moja, lakini kanuni ya zamu ni ileile. Field of Glory II hulipiwa. Hata hivyo, wachezaji wawili walio mbali wanaweza kutumiana zamu kupitia mtandao, mmoja akacheza leo na mwenziwe akajibu kesho kutwa. Kule ambako stima hupotea mvua ikinyesha, subira hiyo ni afueni.

Shemeji hakusema lolote zaidi kuhusu kuuza mashine. Alivuta kigoda, akavaa miwani, akamtaka mwanawe amwonyeshe ndovu wake walikuwa wapi na farasi wa adui wapi. Alitazama kwa muda.

“Watoe hapo mbele ya watu wako,” akasema. “Wapeleke kando, ili wakigeuka wakose wa kumkanyaga.”

Kijana alikuwa bado akihesabu miraba wakati stima ilipopotea.