AZIMIO LISIFE SIKU YA MSHAHARA



Kila mwisho wa mwaka maneno mengi husikika hapa Kimaka, na vilevile kwa wenzetu wa Mbale na wa mashamba ya miwa ya Kakira. Mmoja asema mwaka ujao ataacha waragi. Wa pili asema ataweka akiba ya karo. Wa tatu, ambaye bado hutia dole gumba kwenye karatasi ya malipo, asema atajifunza kusoma. Wote husema kwa moyo safi. Lakini ikifika Machi wengi wamekwisha nyamaza. Hasara yake si ndogo: mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na kadi ya benki ya baba hukaa kwa mkopeshaji mpaka deni liishe.

Watu husema mfanyakazi wa namna hiyo hana moyo. Sisi hatukubali. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi shifti, au anayekata miwa juani kutwa, moyo anao. Tatizo ni kwamba azimio lake ameuachia moyo peke yake, na moyo nao huchoka kama mkono. Siku ya mshahara mdai yuko langoni, marafiki wako baa, na nyumbani posho imekwisha. Siku kama hiyo si ya kuanza kufikiri. Jambo liwe limeamuliwa mapema.

Tazameni akiba ya NSSF. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10. Mwenye mshahara wa shilingi 300,000 hukatwa 15,000, mwajiri hutoa 30,000, jumla 45,000. Hakuna anayeulizwa kama mwezi huu ana hamu ya kuweka akiba. Fedha hutengwa kabla hazijafika mkononi. Kazi yako ni kukagua taarifa yako, uone kama ulichokatwa kimefika.

Tazameni pia vikundi vya akiba vya mitaani. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali. Kila mwanachama huweka fedha mbele ya wenzake, na kitabu chake hupigwa muhuri. Usiku ukishikwa na tamaa, huwezi kulifungua peke yako. Ukipata msiba, kuna mfuko mdogo wa kusaidiana, hivyo akiba ya karo haiguswi.

Na wa kusoma je? Mzee Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa yunifomu, akakaa na watoto. Fujo za baada ya uchaguzi zilipomfikisha kambini mwaka 2008, hakuacha masomo. Alifariki mwaka 2009. Moyo alikuwa nao, lakini pia alikuwa na kengele, mwalimu na saa ya kufika. Anayesema atajifunza "nikipata nafasi" hana hata kimoja kati ya hivyo.

Basi tunashauri hivi:

Kwanza, chagua azimio moja, liwe dogo. Shilingi 5,000 kila mshahara, bila kukosa, zinashinda 50,000 za mwezi mmoja tu.

Pili, taja siku na mahali. Usiseme "nitaweka akiba", sema "siku ya mshahara, kabla ya kwenda sokoni, nitapitia kwa mweka hazina."

Tatu, ondoa mtego. Anayeacha pombe atafute njia ya kurudi nyumbani isiyopita baa, na mwenzake wa kutembea naye. Na aliyezoea kunywa sana kila siku, akianza kutetemeka mwili anapoacha, aende zahanati, asijitibu mwenyewe.

Nne, ukianguka mara moja, usitupe mwaka mzima. Aliyekosa shifti moja haachi kazi. Kesho yake hurudi langoni. Azimio nalo ni hivyo hivyo. Na sisi wenzake tusimcheke, maana aliyechekwa hujificha, na aliyejificha harudi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Chama chetu chenyewe husimama kwa ada ndogo inayotolewa kila mwezi, na kwa mkutano ambao mtu asipoonekana huulizwa yuko wapi. Mshahara ujao, kabla hujatoka langoni, mwambie mwenzako mmoja azimio lako, kiasi chake na siku yake. Naye akuambie lake. Mwezi unaofuata muulizane.