Njia Ndefu ya Bingwa wa Sataranji

Malori yapitayo Ipogolo, chini ya kilima cha mji wa Iringa, huelekea Mbeya, yakavuka mpaka wa Tunduma na kuingia Zambia. Wengi wetu twaijua njia hiyo kwa biashara yake. Ni wachache wajuao kwamba katika nchi hiyo jirani, mjini Ndola, alizaliwa mwaka 1982 mtu wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kupata daraja la juu kabisa la mchezo wa sataranji, liitwalo Grandimasta. Jina lake ni Amon Simutowe. Yafaa habari zake wazisome wazazi wetu, kwani vijana wa leo hujifunza sataranji shuleni na katika simu, na wapo waulizao kama mchezo huo waweza kuwa kazi ya maisha.

Daraja hilo halipatikani kwa sifa za barazani. Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, lililitoa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1950, likawapa watu 27. Alitakaye leo, kwa kawaida, hutakiwa kutimiza mambo mawili. La kwanza, aoneshe kiwango cha Grandimasta katika mashindano yapatayo matatu, michezo isiyopungua 27 kwa jumla, na miongoni mwa wapinzani wake wawemo waliokwisha kulipata daraja lenyewe. La pili, alama zake za uwezo, zipandazo kwa kushinda na kushuka kwa kushindwa, zifike 2500. Hapo ndipo ulipo uzito kwa kijana wa nchi zetu. Hawezi kutimiza sharti la kwanza bila ya kukutana na mabingwa. Mabingwa hao aghalabu hukutana Ulaya. Na Ulaya haiendwi kwa nia peke yake, bali kwa nauli.

Simutowe aliionja taabu hiyo. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 18, alishika nafasi ya pili katika mashindano ya vijana wa dunia yaliyofanyika Yerevan, Armenia. Mtu angedhani daraja lilikwisha kuwa mikononi mwake. Sivyo. Alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas cha Dallas, chuo chenye desturi ya kuwafadhili wanafunzi hodari wa sataranji. Sharti la mashindano akalikamilisha huko Uholanzi mwezi wa Agosti, 2007. Hata hivyo alama zake zilikuwa hazijafika 2500, akalazimika kusubiri na kucheza tena mpaka mwaka 2009 ndipo alipothibitishwa. Miaka tisa ilipita tangu siku ya Yerevan. Na katika miaka hiyo hakukiacha kitabu: baada ya Texas aliendelea na masomo Oxford, Uingereza.

Jambo hili la kitabu ndilo tunalotaka msomaji alishike. Waishio kwa zawadi za mashindano peke yake ni wachache mno, nao ni wale wa kileleni. Waliobaki hupata riziki kwa kufundisha, kuandika, au kuchezea vilabu vya Ulaya. Bassem Amin wa Misri, Mwafrika wa kwanza kuvuka alama 2700, ni daktari wa tiba. Na jambo hili si jipya. Abubakar as-Suli, aliyewashinda mabingwa wenzake mjini Baghdad katika zama za Khalifa al-Muktafi, zaidi ya miaka elfu iliyopita, alikuwa pia mwanahistoria na mwalimu wa watoto wa kifalme. Sataranji ilimfungulia mlango wa jumba. Elimu ndiyo iliyomkalisha ndani.

Karibu nasi zaidi, Uganda, yupo Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala. Alipokuwa mtoto alimfuata kaka yake mahali ambapo mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mwaka 2012, mjini Istanbul, alipata daraja la kwanza kati ya madaraja ya wanawake. Ugrandimasta hakuufikia. Lakini ubao uleule ulimrudisha shule, ukampeleka hadi chuo kikuu cha Marekani. Nani atasema kwamba alishindwa?

Ama hukumu ya mchezo wenyewe, wanavyuoni wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu twayafuata, sataranji ni makruhu. Madhehebu mengine yameukaza zaidi. Lakini wote wameafikiana kwamba ukiingia kamari, au ukampitisha mtu wakati wa sala, ni haramu. Mzazi na alijue hilo kabla ya kununua ubao.

Basi akija kijana wako wa Iringa akisema, “Baba, nataka kuwa Grandimasta,” usimcheke, wala usimwache aende bila ya mwongozo. Mweleze urefu wa njia. Mpe saa maalumu ya mchezo, nayo isiguse sala wala masomo. Mzuilie michezo ya fedha katika simu. Mtafutie mwenye ujuzi wa kumfunza, umpeleke kwenye mashindano ya karibu, uone kama akishindwa hurudi nyumbani kujifunza kosa lake au hurudi na hasira. Akiwa na kipaji, kitaonekana huko. Asipokuwa nacho, atabaki na subira, na mazoea ya kufikiri kabla ya kutia mkono. Na kitabu chake kitakuwa bado kiko wazi mezani.