Uzi: "Si angeenda polisi kwanza?"

Hili swali hurudi kila msichana akifunguka mtandaoni kwamba alibakwa. Juzi nimelisikia tena hapa stejini Kamukuywa, jamaa wa boda akiliuliza kwa sauti na wenzake wakiitikia. Acha nilijibu polepole, bila kutaja chama cha mtu.

Mnamkumbuka Liz? Si jina lake halisi, alipewa ili afichwe. Ni hapa tu jirani, Busia, Juni 2013. Alikuwa na miaka 16, anatoka matanga ya babu yake, genge likambaka na kumtupa kwenye shimo la choo. Kesi ilifika polisi. Narudia: ilifika polisi. Washukiwa waliokamatwa walifyekeshwa nyasi kituoni, kisha wakaambiwa waende nyumbani.

Na hiyo ilikuwa wiki chache tu baada ya Mahakama Kuu ya Meru kuamua, Mei 2013, kwamba polisi wakikosa kuchunguza kesi za wasichana kunajisiwa wanavunja haki zao.

Kesi ya Liz ilifufuka Oktoba, gazeti la Daily Nation lilipoiandika na watu wakaibeba mtandaoni kwa #JusticeForLiz. Sahihi zikapita milioni moja. Tarehe 31 Oktoba waandamanaji wakazipeleka makao makuu ya polisi Nairobi. Aprili 2015 wanaume watatu wakahukumiwa miaka 15 jela. Sasa hebu nyinyi wa "angeenda polisi" mniambie: bila hizo kelele, faili ingekuwa wapi? Mimi naona ingekuwa bado chini ya zile nyasi.

Ila nisiwadanganye pia. Hakimu hahesabu laiki. Anaangalia fomu ya P3, ripoti ya daktari na mashahidi. Kwa hivyo dada, kabla ya kupost, hospitali. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa zitie kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Huku kwetu, hizo saa 72 ndizo huliwa na vikao vya wazee, watu wakibishana ni ng'ombe wangapi, msichana amekaa jikoni anangoja. (Na wale wanaosema disko matanga ni burudani tu, tutaongea siku nyingine.)

Kutaja jina la mwanamume mtandaoni kabla ya kesi kuna hatari yake: anaweza kukushtaki kwa kukuchafulia jina, na wewe ndiye utatafuta wakili. Unaweza kueleza yaliyokupata bila kumtaja, jina lake ukampa polisi na uchukue namba ya OB.

Sisi wengine tunaosambaza: picha ya msichana, shule yake, kijiji chake, acheni. Liz alitetewa na watu zaidi ya milioni ambao hawakuhitaji kujua jina lake.

Namba ya bure ya kuomba msaada ni 1195. Kwa mtoto, 116.