Durham: Jimbo Lililolifuata Jeneza la Mtakatifu Cuthbert

Nyuma ya Altare Kuu ya Kanisa Kuu la Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, liko bamba la jiwe sakafuni lililochongwa neno moja tu: Cuthbertus. Chini yake amezikwa mtu aliyechunga kondoo ujanani, akawa mmonaki, kisha mkaa pweke, na mwisho askofu asiyeutaka uaskofu. Mji wote unaolizunguka kanisa hilo ulizaliwa kwa sababu yake. Kwa kawaida mji hutangulia, ndipo Kanisa huweka kiti cha askofu ndani yake. Durham ni kinyume: jimbo lilikuwapo kwa miaka 360 kabla ya mji, nalo lilifika pale likiwa safarini, limebeba jeneza.

Chimbuko la jimbo hilo ni kisiwa cha Lindisfarne, ambacho maji ya bahari yakijaa hutengwa na nchi kavu, na yakipwa hufikika kwa miguu. Mwaka 635 Mfalme Oswald wa Northumbria, aliyebatizwa alipokuwa uhamishoni kwa Waayalandi, aliwaomba wamonaki wa Iona wampelekee mhubiri. Akaja Mtakatifu Aidan. Lugha ya wenyeji hakuimudu, na Mtakatifu Beda, mwanahistoria mkuu wa taifa lile, anasimulia kwamba mfalme mwenyewe ndiye aliyetafsiri mahubiri mbele ya wakuu wake. Aidan alikwenda vijijini kwa miguu. Mfalme mwingine, Oswine, alipompatia farasi mzuri, yeye alimpa ombaomba aliyekutana naye njiani. Huko Lindisfarne askofu na monasteri walikuwa nyumba moja. Waamini wa kusini mwa Tanzania wanaozikumbuka enzi za Maabate-Maaskofu wa Ndanda na Peramiho hawatauona mpango huo kuwa mgeni.

Usiku ule Aidan alipofariki, mwaka 651, kijana Cuthbert alikuwa akilinda kondoo vilimani, akaona katika maono roho ya mtu ikichukuliwa mbinguni katika nuru. Akajiunga na monasteri ya Melrose. Baadaye alihamia Lindisfarne kama priori, kisha akajitenga katika kisiwa kidogo cha Farne, akilima shayiri yake mwenyewe na kusali. Ilibidi mfalme na wakuu wa Kanisa wavuke bahari kumsihi aukubali uaskofu. Aliwekwa wakfu mjini York wakati wa Pasaka ya mwaka 685 na Theodore, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekuwa mzaliwa wa Tarso, mji wa Mtume Paulo. Inafaa kukumbuka hapa kwamba Papa Vitalian alikuwa amekusudia kwanza kumtuma Canterbury Abate Hadrian, mtu wa asili ya Afrika. Hadrian alikataa kwa unyenyekevu, akampendekeza Theodore, kisha akaenda pamoja naye na kuwa mwalimu mashuhuri wa Kanisa changa la Kiingereza.

Uaskofu wa Cuthbert haukufika hata miaka miwili. Alifariki Farne tarehe 20 Machi 687. Miaka 11 baadaye wamonaki walifungua kaburi wapate kuihifadhi mifupa yake kwa heshima, wakaukuta mwili haujaoza. Tangu siku hiyo mahujaji hawakukoma. Ni katika mazingira ya heshima hiyo kwamba Injili maarufu za Lindisfarne ziliandikwa na kupambwa kwa rangi, kazi ambayo mapokeo humpatia Askofu Eadfrith.

Tarehe 8 Juni 793 Wavikingi waliivamia monasteri, wakaua na kupora. Wamonaki walistahimili vitisho kwa miongo mingi, lakini mwaka 875 waliondoka wakiwa na masalia ya mtakatifu wao, na walikaa takriban miaka saba wakihama mahali hadi mahali. Tafakari hali hiyo, ndugu msomaji: askofu yupo, wamonaki wapo, waamini wapo, ila hakuna kanisa kuu wala mji. Kiti cha uaskofu kilikuwa popote jeneza lilipolala usiku ule. Hatimaye walitua Chester-le-Street, wakakaa zaidi ya miaka 100. Huko, katika karne ya 10, padre aitwaye Aldred aliandika kati ya mistari ya Kilatini ya kitabu cha Lindisfarne tafsiri ya neno kwa neno katika lugha ya watu wake. Hiyo ndiyo tafsiri ya kale kuliko zote zilizosalia ya Injili nne katika Kiingereza.

Mwaka 995 hofu ya wavamizi iliwang'oa tena. Baada ya kukaa kwa muda mfupi Ripon, walifika kwenye jabali lililozungukwa na mto Wear pande tatu. Mapokeo husema jeneza lilikuwa zito ghafla, halikusogea, hata walipofuata mwanamke aliyekuwa akimtafuta ng'ombe wake, ndipo wakajua mahali mtakatifu alipotaka kupumzika. Mtu wa vita angeongeza kwamba jabali lile lilikuwa pia rahisi sana kulilinda. Wakajenga, na mji ukaota kando ya kaburi.

Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza, Askofu William wa St Calais aliwaleta Wabenediktini mwaka 1083, na tarehe 11 Agosti 1093 likawekwa jiwe la msingi la kanisa linaloonekana hadi leo. Lilikamilika kimsingi mwaka 1133. Waashi wake walitumia mbavu za mawe zinazopishana kuibeba paa, ufundi ulioyafungulia njia makanisa makuu marefu ya Ulaya. Mwili wa Cuthbert ulihamishiwa humo mwaka 1104, na ndani ya jeneza kikaonekana kitabu kidogo cha Injili ya Yohane, jalada lake la ngozi likiwa zima. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilikinunua mwaka 2012 kwa pauni milioni 9. Humo humo kanisani yamo pia masalia ya Mtakatifu Beda, aliyetangazwa na Papa Leo XIII kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1899.

Maaskofu wa Durham walikuwa pia watawala wa eneo lao. Walikuwa na mahakama, sarafu na askari, wakiulinda mpaka wa Uskoti kwa niaba ya mfalme. Mabaki ya mamlaka hayo yalifutwa mwaka 1836 tu. Ni vigumu kumwona Aidan akiwa amekaa katika ngome yao.

Kisha ukaja msukosuko wa karne ya 16. Maofisa wa Mfalme Henry VIII walilibomoa kaburi tukufu, na tarehe 31 Desemba 1539 monasteri ikafungwa. Mwili ukazikwa tena mahali pale pale. Askofu wa wakati huo, Cuthbert Tunstall, hakuwa shujaa wa moja kwa moja: alimtii Henry alipojitenga na Roma, akavuliwa cheo chini ya Edward VI, akarudishwa na Malkia Mary. Lakini mwaka 1559, akiwa mzee sana, alikataa kiapo cha kumtambua Malkia Elizabeth kuwa mtawala mkuu wa Kanisa. Aliondolewa, akafa kizuizini mwaka huo huo. Alikuwa askofu wa mwisho wa Durham katika umoja na Roma.

Mwezi Novemba 1569 watu wa kaskazini walioasi wakiongozwa na masharifu wawili waliingia kanisani, na Misa ikasikika tena humo kwa siku chache. Adhabu ilikuwa kali, mamia walinyongwa. Mmoja wa viongozi hao, Thomas Percy, aliyekatwa kichwa mwaka 1572, ni Mwenyeheri. Baadaye mapadre waliosomea ng'ambo walirudi kwa siri. Mtakatifu John Boste alikamatwa karibu na Durham, akateswa London, akauawa tarehe 24 Julai 1594 huko Dryburn, nje kidogo ya mji, ambapo leo ipo hospitali. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu mwaka 1970.

Kwa vizazi vingi Wakatoliki hao waliishi bila jimbo. Mwaka 1688 waliwekwa chini ya Vikario wa Kitume, na Papa Pius IX aliporudisha majimbo mwaka 1850, jina la Durham halikutumika: sheria ya mwaka 1829 ilikataza Wakatoliki kutwaa majina ya majimbo ya Kianglikana. Likachukuliwa jina la Hexham, jimbo la kale lililokufa katika karne ya 9, na mwaka 1861 likaongezwa Newcastle, ambako wahamiaji wengi wa Ayalandi walifanya kazi. Kanisa kuu la jimbo hilo, lililochorwa na Augustus Pugin, liko Newcastle. Kwa malezi ya mapadre, warithi wa chuo cha Douai, waliofukuzwa na Mapinduzi ya Ufaransa, walijenga seminari ya Ushaw kilomita chache kutoka Durham mwaka 1808, wakamchagua Cuthbert awe msimamizi wake. Ilifungwa mwaka 2011.

Kaburi lilifunguliwa tena mwaka 1827. Ilionekana mifupa, vitambaa vya hariri, altare ndogo ya safari, na msalaba wa dhahabu na vito vyekundu uliokuwa kifuani. Vitu hivyo sasa vinaonyeshwa kanisani hapo, chini ya uangalizi wa Waanglikana, nao huwapokea mahujaji Wakatoliki kwa ukarimu. Na kila mwaka katika Juma Kuu, mahujaji wa madhehebu mbalimbali hutembea kwa siku kadhaa wakibeba misalaba mikubwa ya mbao. Ijumaa Kuu, maji yakiwa yamepwa, huvuka mchanga kwenda Lindisfarne, wengi wao bila viatu.