Namba Nne Si Yako Tena

"Dokta, PSA yangu ni 1.8. Si iko chini ya nne?"

Nimeulizwa hivyo na dereva wa lori, na mwalimu mstaafu, na mkulima wa viazi kutoka Kilolo, na majuzi na mchungaji. Wote walishatolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Wote walishika karatasi ya maabara, na pembeni ya majibu kompyuta ilikuwa imechapa maneno yaleyale: kiwango cha kawaida, 0 hadi 4. Wapo wanaoongeza, kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani, kwamba walipita duka la dawa la Ipogolo kabla ya kupanda mjini Iringa, wakapimwa kwa tone la damu kwenye kile kipimo cha mstari, na mstari ukakataa kutokea. Basi wamepona.

Nijibu mapema ili wenye haraka waendelee na shughuli zao. Hapana. Kama tezi yako ilitolewa yote, 1.8 ni majibu ya kukurudisha kwa daktari wiki hiihii.

PSA ni protini inayotengenezwa na chembe za tezi dume, zile nzima na zile zenye saratani. Mpaka wa nne uliwekwa kwa ajili ya mwanaume ambaye tezi yake bado ipo, na hata kwake ni mpaka wa kukadiria tu: wapo wenye saratani wakiwa na 3, wapo wazima wakiwa na 7. Wewe huna tena kinachoitengeneza. Iliyokuwamo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya siku mbili au tatu. Chukua mtu aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na PSA ya 20. Ikipungua nusu kila siku tatu, siku ya 30 itakuwa imepungua nusu mara kumi, na kinachobaki ni 0.02. Ndiyo maana kipimo cha kwanza tunakiweka kati ya wiki ya sita na ya nane, si siku ya kutoa nyuzi. Tunataka ile ya zamani iishe kwanza. Baada ya hapo mashine haipaswi kuona kitu. Mtu aliyeuza ng'ombe wake wote akikuta maziwa kwenye kibuyu hahangaiki kupima kama ni kidogo au ni mengi. Anauliza ng'ombe yuko wapi.

Mpaka wako mpya ni 0.2. PSA ikifika hapo, na kipimo cha pili kikathibitisha, tunahesabu kwamba ugonjwa umeanza kurudi, hata kama hakuna picha inayouonyesha na hata kama unalima ekari mbili bila kuchoka. Yule wa 1.8 amekwisha kufika mara tisa ya mpaka huo.

Sasa ule mstari. Vipimo vya haraka vya PSA vingi vimewekewa mpaka huohuo wa 4. Chini ya hapo vinakaa kimya. Vikikutana na 3.9 vinakaa kimya, vikikutana na 0.02 vinakaa kimya vilevile. Kwa mtu mwenye tezi vinaweza kuwa na kazi yake. Kwa aliyetolewa tezi ni kupoteza damu na hela, na kibaya zaidi, ni kununua usingizi. Simlaumu sana muuza duka, maana hajui ulifanyiwa nini. Namlaumu anayejua na bado akakuandikia "kawaida" kwa sababu mashine imeandika hivyo.

Na huu ndio uchungu wake: Marekani ilipokiidhinisha kipimo cha PSA mwaka 1986, kiliidhinishwa kwa kazi ya kuwafuatilia waliokwisha kugundulika na saratani ya tezi dume. Kukitumia kusaidia kuwatafuta wagonjwa wapya kuliidhinishwa baadaye, mwaka 1994. Hii kazi mnayoikimbia ndiyo kazi yake ya kwanza. Tena haina kidole, kile cha daktari cha kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Wazee wanaokacha kliniki wakihofia kidole waambiwe waziwazi: kwa aliyetolewa tezi yote, PSA ikiwa haionekani kwenye damu, kidole hakina cha kutafuta.

Ila kabla sijaendelea, tuhakikishe tunazungumzia upasuaji mmoja, kwa sababu mtaani kila kitu ni "nilifanyiwa upasuaji wa tezi." Kuna kukwanguliwa kupitia njia ya mkojo, au kufunguliwa tumbo na kuondolewa ile nyama ya ndani iliyokua ikabana mkojo. Hapo ganda la tezi limebaki, na PSA itashuka lakini haitakuwa sifuri. Ukisubiri sifuri utajitesa bure. Kuna kutolewa tezi yote pamoja na vifuko vya manii, kwa lengo la kuing'oa saratani ingali ndani ya tezi. Huyo ndiye ninayemwandikia leo. Na kuna kuondolewa korodani, ambako tezi haiguswi kabisa. Kinachokatwa ni homoni inayoilisha saratani, jambo alilolionyesha daktari Charles Huggins mwaka 1941 na likampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa huyu wa tatu PSA inaweza kushuka kutoka mamia hadi chini ya moja, na tunachokilinda ni pale chini kabisa ilipofika: ikianza kupanda kutoka hapo, mazungumzo yanabadilika. Wanaume watatu, namba moja ya 1.8, maana tatu tofauti. Nikimuuliza mgonjwa alifanyiwa upi kati ya hizi, mara nyingi anamgeukia mke wake. Mama ndiye anayejua. Na aliyekwanguliwa nimuulize hili: majibu ya kinyama uliyafuata? Kile kinyama kilichopelekwa maabara ndicho kinachosema kama kulikuwa na saratani au hapakuwa. Wapo walioruhusiwa, mkojo ukatoka vizuri, wakaenda kulima, na majibu yao yako kwenye kabati hadi leo.

Haya, tuje kwenye unga, ile dawa ya mitishamba ya kopo inayodaiwa kuponya tezi.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, kwa shilingi 500. Babu alitaka imani tu. Wauza unga wa leo, wanaopanda kwenye mabasi na kuzungumza hadi mlango ufungwe, wamesoma zaidi. Hawakuombi uamini. Wanakuambia: tumia kopo tatu, kisha nenda ukapime mwenyewe. Wanajua utapima wapi, na wanajua karatasi itaandika 0 hadi 4. Biashara yao nzima imekaa juu ya ile namba nne.

Fikiria mtu aliyetolewa tezi, PSA yake ni 0.6 na inapanda polepole. Anakunywa unga, anapima, 0.9. "Kawaida." Anakunywa tena, 1.4. "Kawaida." Anasimama kanisani kutoa ushuhuda. Miaka inapita, anakula, analala, anapanda kilima cha kutoka Ipogolo hadi mjini kwa miguu. Nani atambishia? Madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, ndio waliochapisha jibu mwaka 1999. Waliwafuatilia wanaume waliotolewa tezi yote, kisha PSA zao zikaanza kupanda, na hawakupewa tiba ya mapema. Kutoka PSA ilipopanda hadi saratani kuonekana kwenye mifupa au sehemu nyingine za mwili, muda wa kati ulikuwa kama miaka 8. Miaka minane bila maumivu, bila unga wowote. Muuza unga anajipatia sifa ya ukimya ambao ni tabia ya ugonjwa wenyewe.

Hasara yake ni nini, basi, kama mtu ana miaka minane? Hasara ni kwamba dirisha la tiba halikai wazi miaka minane. Saratani ikibaki pale tezi ilipokuwa, mionzi inaweza kuifuata na kuimaliza, na inafanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Kila kopo linaloliwa kutoka 0.6 hadi 1.8 linakula nafasi hiyo. Haijafungwa kabisa, ila imepungua, na hakuna wa kukurudishia.

"Lakini yangu ilishuka, dokta." Nakubali, zipo zinazoshuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani ziliuzwa kapsuli za mchanganyiko wa mitishamba minane, jina lake PC-SPES. PSA za watu zilishuka kweli, hata watafiti wakashangaa. Zilipochunguzwa maabara zikakutwa na homoni ya kike ya kutengenezwa viwandani na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Zikaondolewa sokoni mwaka 2002. Unga unaoshusha PSA kwa kasi unanitisha kuliko usioshusha. Finasteridi, kidonge cha hospitali cha kupunguza tezi iliyovimba, nacho hushusha PSA kwa karibu nusu kwa mtu mwenye tezi, na hakuna daktari anayedai kwamba kinaponya saratani. Namba inaweza kushushwa na ugonjwa ukabaki palepale.

Na gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milima yetu ya Afrika, ambalo biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti tangu 1995 kwa jinsi linavyobanduliwa? Linaweza kumsaidia kiasi mzee mwenye tezi iliyovimba akojoe vizuri. Tezi yako wewe iliwekwa kwenye chupa ikapelekwa maabara. Unanunua dawa ya kiungo ambacho huna.

Kuna anayeniambia kwamba ufuatiliaji ni mambo ya wakubwa. Jakaya Kikwete, akiwa Rais, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Johns Hopkins mwezi Novemba 2014, na aliporudi alilizungumza hadharani. Namheshimu kwa hilo, maana kabla ya hapo wanaume wengi hawakuweza hata kulitamka neno lenyewe mezani. Lakini sehemu ya ufuatiliaji haihitaji Baltimore. Inahitaji mirija miwili mitatu ya damu kwa mwaka. Hata kule Uingereza, Kanada, Denmark na Ireland, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha waliopigwa mionzi mara tu baada ya upasuaji na waliofuatiliwa kwa PSA, wakapigwa tu ilipopanda. Wa kwanza hawakuonyesha faida ya kutosha, na matatizo ya mkojo yalikuwa mengi zaidi kwao. Maana yake wengi tunaweza kuwaepusha na mionzi, kwa sharti moja: wapime. Asiyepima amechukua nusu ya tiba.

Sasa namna ya kufanya, kwa haraka, maana nafasi imekwisha. Baada ya kile kipimo cha kwanza, pima miezi 6 na miezi 12 baada ya upasuaji, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tatu, kisha kila mwaka. Daktari akitaka mara nyingi zaidi kwa sababu ya majibu ya kinyama, mfuate yeye. Maabara iwe ileile, kwa sababu mashine hazifanani. Dai namba yenye desimali. Ukiandikiwa "hasi" au "kawaida," rudisha karatasi uombe namba. Kama maabara yako haiwezi kusoma chini ya 0.1, damu ipelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda kule Mbeya. Namba zote ziandikwe kwenye daftari moja, kwa tarehe, na daftari akae nalo mama au kijana unayemwamini. Baiskeli, bodaboda na tendo la ndoa havibadilishi kipimo cha aliyetolewa tezi yote, kwa hiyo visiwe kisingizio cha kuahirisha. Kila unachokunywa, uje na kopo lake.

Ikipanda, rudia kwanza baada ya wiki chache. Kipimo kimoja hakimhukumu mtu. Ikithibitika, tunaangalia inachukua muda gani kuongezeka maradufu. Mzee wa miaka 82 ambaye yake inachukua mwaka na nusu anaweza kuachwa akiangaliwa tu, na huo ni uamuzi wa kitabibu, asije jirani akamwambia ametelekezwa. Wa miaka 60 ambaye yake inachukua miezi mitano hana muda wa kusubiri mavuno. Zipo sindano za homoni, upo upasuaji wa korodani, na ipo mionzi, peke yake au pamoja na homoni. Kutoka hapa Iringa, mionzi kwa wengi ina maana ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 500, na tiba yenyewe ni ya wiki kadhaa, kwa hiyo tafuta mapema ndugu wa kufikia. Beba barua ya rufaa, maelezo ya upasuaji, lile daftari, na nakala ya majibu ya kinyama. Hiyo ya mwisho usiisahau: hakuna daktari wa mionzi atakayekupangia dozi kabla hajaisoma, na basi la kurudi kuifuata ni nauli yako.